Msomaji na Kioo: Lugha ya Watangazaji wa Televisheni

Aghalabu husemwa kwamba mtangazaji wa televisheni anayesoma hajui kazi yake. Kauli hiyo si ya haki. Taarifa ya habari ina majina, idadi na tarehe, na atakayeyategemea kumbukumbu tupu atakosea. Teleprompta, yaani kioo kinachowekwa mbele ya kamera na kuakisi maandishi ili msomaji aonekane akitutazama usoni, si adui wa lugha. Swali letu ni jingine: je, kioo humpa msomaji kila kitu?

Hebu tuzitazame tarakimu. Tuseme maandishi yanasema "watu 22" na "miche 35". Upatanisho wa kisarufi haumo katika tarakimu. Umo kichwani mwa msomaji. Anayeijua lugha atasema "watu ishirini na wawili", "miche thelathini na mitano". Asiyeijua atasema "watu ishirini na mbili", "miche thelathini na tano", na kosa lake litaingia majumbani likiwa na hadhi ya usanifu. Hapa Kakamega nimelisikia likirudi darasani. Nilipolisahihisha, mwanafunzi mmoja alinijibu kwa adabu: "Lakini Mwalimu, ndivyo wasemavyo kwenye habari." Sikuwa na jibu jepesi.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka wa 1964 na kuanza kipindi cha "Je, Huu ni Uungwana?" mwaka wa 1966, alisoma habari kama wengine. Lakini alitangaza kandanda pia, na huko hakuna wa kumwandikia mtu: mpira haujapigwa, andiko litatoka wapi? Hivyo, alipoketi kusoma, andiko lilimkuta na lugha yake tayari. Ndivyo alivyo kiongozi wa wimbo katika isukuti ya Waisukha na Waidakho. Hana karatasi mkononi, wala hapotezi mapigo ya ngoma, kwa kuwa wimbo umo kifuani mwake.

Basi dawa si kuviondoa vioo. Kwanza, wahariri waandike idadi kwa maneno badala ya tarakimu. Pili, msomaji asiajiriwe kabla ya kusikilizwa akizungumza dakika kumi bila maandishi. Kioo huakisi maneno tu, sarufi hakina.