Chumba Ndicho Kinachodunda

Mwenye sabufa mpya huiweka pale waya ulipofika. Kisha anakaa kwenye kochi, anafungulia filamu ya vita na kuanza kulalamika: mbona mlipuko hausikiki kama ulivyosikika dukani? Anaongeza sauti. Sasa mtoto aliyejilaza kwenye kona anaziba masikio, kifua kinamtetemeka, na baba mtu pale katikati ya sebule bado anaisubiri besi. Filamu ni ileile, spika ni ileile, na wote wawili wanasema kweli.

Ufundi ninaotaka kuusifu huanzia kwenye ugomvi huo. Ni ufundi wa kuipima besi ndani ya chumba cha kutazamia filamu, kisha kuisawazisha mpaka isimwonee mtu wala kumpita mtu. Mafundi wake ni wachache, na kazi yao ikikamilika hakuna cha kumwonyesha mgeni. Mgeni ataonyeshwa skrini.

Sauti hutembea hewani kama mita 343 kwa sekunde penye joto la nyuzi 20. Katika sebule ya Dar es Salaam mwezi wa Februari, joto likikaribia 30, huenda kasi zaidi kidogo, kama mita 349. Gawanya kwa hezi 40, ambako besi nzito hukaa, upate wimbi lenye urefu wa karibu mita 9. Chumba chenyewe kina urefu wa mita 5, upana wa 4 na kimo cha 3. Wimbi hilo halina pa kwenda. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja, na penye masafa fulani mawimbi hayo hushikana yakasimama palepale. Ni kama maji ndani ya karai lililobebwa na mtu mwenye haraka: kingoni yanapanda na kushuka, katikati yametulia. Urefu wa mita 5 huamsha hezi 35 hivi, upana wa mita 4 huamsha 44, kimo cha mita 3 huamsha 58. Aliyekaa katikati kabisa ya upana ile 44 haipati. Aliyeegemea ukuta anaipata yote, na nyingine ambayo mtengeneza filamu hakuikusudia.

Hezi 44 ndiyo noti ya F ya chini kwenye gitaa la besi. Kwa hiyo katika chumba hicho, kila mpigaji wa muziki wa dansi anapoigusa F, kuta zinamsaidia bila kuombwa. Akipanda hadi G, ananywea. Msikilizaji anadhani bendi ina mpigaji asiyejua kupima mkono.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko vitabu vinavyosema. Mashauri mengi yameandikwa na watu wa Marekani wanaoishi ndani ya kuta za mbao na jipsamu, kuta zinazopinda kidogo besi inapozisukuma, na katika kupinda huko hula sehemu yake. Ukuta wetu wa tofali za saruji na lipu haupindi. Besi inayoingia humo inabaki humo, isipokuwa dirisha liwe wazi, na hapo jirani ndiye anayenufaika. Nyumba za mawe za Lamu zina hali yake pia: upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, chini kidogo ya mita 3, kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu. Zidaka zilizochongwa kwenye kuta hutawanya vizuri sauti za juu, lakini wimbi la mita 9 haliwezi hata kujua kwamba zipo.

Babu wa ufundi huu ni Wallace Sabine. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilimpa kijana huyo, mwalimu wa fizikia, ukumbi wa mihadhara katika jumba jipya la Fogg ambamo hakuna aliyeweza kumsikia mhadhiri. Alifanya kazi usiku wa manane, mji ukiwa umelala, akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani wa Sanders Theatre, akipuliza filimbi ya kinanda na kupima kwa saa ni muda gani sauti ilichukua kufa. Kabla ya asubuhi mito ilirudishwa. Kilichonivutia kwake siku zote ni ule ubebaji. Fomula ilikuja baadaye. Kwanza kulikuwa na mtu aliyebeba mito gizani. Miaka mingi baadaye, mwaka 1954, Manfred Schroeder alionyesha jinsi ya kukadiria mpaka ambapo chumba huacha kutawanya sauti na kuanza kuitawala. Katika sebule ya kawaida mpaka huo huangukia karibu na hezi 200. Juu yake unasikiliza spika zaidi. Chini yake unasikiliza kuta.

Kifaa cha kupimia leo kinaingia mkobani: maikrofoni ya USB iliyopimwa kiwandani, stendi ya miguu mitatu, kompyuta mpakato, na programu ya Room EQ Wizard, ambayo John Mulcahy aliiandika na kuitoa bure. Maikrofoni husimamishwa pale kitakapokaa kichwa cha mtazamaji. Pangaboi linazimwa. Friji inazimwa, kwa sababu muungurumo wa umeme wetu uko kwenye hezi 50, katikati kabisa ya kinachotafutwa. Kisha fundi anaruhusu sauti moja ipande taratibu kutoka chini ya hezi 15 hadi 200.

Mwanzoni hakuna sauti. Pazia linapumua tu. Halafu kitu kinakuja ambacho mwili hukijua kabla ya sikio, halafu nyumba inaanza kujibu kifaa kimoja baada ya kingine: kioo cha dirisha kwenye 31, mlango wa kabati la vyombo kwenye 46, kifuniko cha birika mahali fulani juu yake. Kila chombo kina noti yake, na kimeisubiri tangu kilipowekwa pale. Kuwinda mitetemo hiyo ni ufundi ndani ya ufundi. Kipande cha mpira nyuma ya fremu ya picha kinaweza kuifanyia besi jambo ambalo ampulifaya mpya haitalifanya, na mafundi wanaolifahamu hilo ndio ninaowaheshimu kuliko wanaotaja wati.

Grafu inayotoka ni chafu. Panda hapa desibeli 12, shuka pale 20. Na hapo ndipo mtihani wa uaminifu ulipo, maana programu ina kitufe cha kulainisha mchoro. Ukichagua ulainishaji wa theluthi ya oktavu, milima inalala, mabonde yanajaa, na mteja anapewa picha nzuri ya chumba ambacho hakijabadilika hata kidogo. Fundi mwema huitazama grafu ya besi ikiwa uchi.

Halafu anasogeza vitu. Hii ndiyo sehemu kubwa ya kazi, na haigharimu kitu ila mgongo. Kochi linatolewa ukutani, hata kwa nusu mita. Sabufa inapandishwa juu ya kochi lenyewe, mahali pa mtazamaji, na fundi anatambaa sakafuni pembezoni mwa kuta akisikiliza. Panapotoka besi iliyo sawa ndipo sabufa itakapohamia, kwa kuwa chanzo na msikilizaji wakibadilishana nafasi, sauti kati yao haibadiliki. Mtu mzima aliyevaa suruali ya pasi, magoti chini, kichwa kimeinama kando ya kabati: sijaona namna nyingine ya kufikia ukweli huo yenye heshima zaidi. Penye uwezo, sabufa mbili ndogo zikiwekwa katikati ya kuta mbili zinazotazamana huyeyusha baadhi ya mawimbi yale yaliyosimama kabla hayajaota mizizi. Todd Welti wa Harman alilichunguza suala hilo mwaka 2002 na kuona kwamba zaidi ya nne faida ni haba.

Trei za mayai zilizogandishwa ukutani hazihusiki kabisa na besi. Nasema hivi kwa sababu bado naziona. Ili sufu ya mawe ilinyonye vizuri wimbi la hezi 40, inapaswa kuwepo pale hewa inapokimbia zaidi, na pale ni zaidi ya mita 2 kutoka ukutani. Ndiyo maana wanaotaka kitu cha kweli hujaza kona nzima, kutoka sakafu hadi dari, na kugombana na mama mwenye nyumba.

Ikwalaiza huja mwisho, nayo hukata. Kilima hukatwa, na kikikatwa vizuri hata ule mlio unaobaki baada ya mdundo kupita hufupika. Bonde halijazwi. Kuongeza desibeli 10 ni kudai nguvu mara 10 kutoka kwa ampulifaya, na zote zinakutana na mwangwi wao uliozidishwa kwa kiasi kilekile na kufutana. Spika inaungua, bonde liko palepale. Dawa ya bonde ni kuhama.

Mwenye nyumba anaposikia matokeo kwa mara ya kwanza, mara nyingi anakunja uso. Umeiua, anasema. Alizoea ile F ya kuta, akaiita nguvu. Si mjinga: sikio la binadamu hupungukiwa na sauti za chini, jambo ambalo Fletcher na Munson walilipima tangu mwaka 1933, na wasikilizaji wengi hupenda besi iwe juu kidogo ya mengine. Basi anaongezewa desibeli 4 chini ya hezi 80, kwa mteremko wa polepole, na anaachiwa muziki anaoujua kwa moyo. Wimbo wa pili au wa tatu ndipo anapokaa mbele ya kochi na kuuliza mpigaji besi huyu ni nani, na kwa nini siku zote alikuwa akipiga noti nne pale ambapo yeye alisikia moja.