Usiku wa Ijumaa Uko Folda Gani?

Mtu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, akisema "nitafutie ile kasida ya usiku wa Ijumaa", kamera haimwelewi. Kwa Waislamu siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao kamera, inayobadili tarehe saa sita ya usiku, imeuandika Alhamisi. Mhariri wa video anayekimbilia folda ya Ijumaa atapekua hadi macho yamwume. Anayefungua ya Alhamisi bila kusita amekwisha kuufaulu mtihani wa kwanza, na bado hajakata hata fremu moja.

Wateja wengi huwapima wahariri kwa mbwembwe: waridi linalochanua, majina ya dhahabu, sura ya bibi harusi ndani ya moyo. Hayo hupatikana yakiwa yameshatengenezwa, mtu akabandika tu. Ufundi hasa umejificha mahali ambapo video iliyokamilika haipaonyeshi, yaani kwenye ule mstari wa muda ambao mafundi huuita taimulaini. Mhariri akiulizwa kipande fulani, anajua kiko wapi? Na anakifikia baada ya sekunde ngapi?

Hakuna kazi inayolifichua jambo hili kama Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, hapo hapo Langoni, kila Mfungo Sita. Kuna kasida na twari, yaani matari, kuna maandamano ya zefe, ngoma za goma na kirumbizi, mbio za punda na za majahazi. Wanaume mamia kwa mamia wamevaa kanzu nyeupe na kofia. Vichochoro navyo vinafanana. Ukitazama vipicha vidogo kwenye skrini, zefe ya mwanzo na ya mwisho ni kitu kimoja. Kamera ya fremu 25 kwa sekunde hutoa fremu 90,000 kwa saa moja, na kamera zenyewe ni mbili au tatu. Hapo jicho peke yake halifui dafu.

Basi tazama majina kwanza. Kamera ya Canon huita video yake MVI_0001, ya Sony C0001, na hesabu inaweza kuanza upya kadi ikibadilishwa. Mhariri mvivu huviacha hivyo hivyo, akajikuta na C0014 tatu, moja ya nikahi, moja ya punda, moja ya ukuta kwa sababu mpiga picha alisahau kuzima. Kamera za zamani zilizidisha shida: Canon EOS 5D Mark II ya mwaka 2008 ilikomea faili la gigabaiti 4, kama dakika 12 za picha safi, kasida iwe imekwisha au haijesha. Mhariri mzuri hutazama kila kitu mara moja, akaandika jina lenye tukio, siku na kamera: "zefe_alhamisi_kam2". Daftari lake nalo lina saa za Kiswahili pembeni mwa saa za kamera, maana "saa nne usiku" ya mwenye shughuli ni 22:00 ya mashine. Kosa la saa sita hapo ni jepesi mno kufanyika.

Kisha tazama mikono. Mwanafunzi hushika kipanya akaburuta sindano ya wakati huku na huku, picha zikipita mbio kama mtu anayefukuzwa. Fundi huandika neno. Katika programu ya Premiere Pro hubonyeza Ctrl na F akiwa kwenye taimulaini. Katika DaVinci Resolve hufungua orodha inayovipanga vipande vyote kwa mfuatano, kila kimoja na saa yake. Alama alizipiga mapema kwa herufi M, na kila alama ina maneno: "kirumbizi, fimbo yavunjika". Alama isiyo na maneno ni sawa na chupa ya dawa iliyobanduka karatasi.

Walio bora husoma hata sauti kwa macho. Twari huchora miiba iliyopangana sawasawa. Khutba ya nikahi ni vilima vidogo vyenye mapengo. Vigelegele ni bonge moja nene linaloinuka ghafla. Kwenye kupamba, shughuli ya harusi ya wanawake peke yao, bonge hilo ndilo linaloonyesha bibi harusi ametokea lini, hata kama kamera wakati huo ilikuwa imeelekea kwenye mazulia.

Shida ya kutafuta kipande si ya Lamu tu: Walter Murch, aliyekuwa miongoni mwa wahariri wa filamu ya Apocalypse Now ya mwaka 1979, alikabiliana na zaidi ya saa 230 za filamu kwa kazi ya saa mbili na nusu hivi. Katika filamu za baadaye alizoea kutoa picha mnato za kila mkao wa kamera na kuzibandika ukutani. Chumba cha Langoni huenda kisiwe na ukuta wa ziada, lakini folda moja ya picha mnato hutosha.

Mtihani mkali kuliko yote huja na kupamba huko, ambapo picha ikitoka nje ni fedheha. Ndiyo maana aghalabu kazi hii hupewa mwanamke. Mama wa bibi harusi huketi kando yake: "Mwanangu, niondolee kila pahala alipoonekana dada yangu bila mtandio." "Hewalla, mama." Mhariri wa wastani hufuta pale alipoonyeshwa. Fundi hubonyeza F, programu ikamrudisha kwenye kipande asilia, akajua ni kipi na cha kamera gani. Halafu hutafuta pahala pengine kilipotumika, kwa kuwa Premiere inaweza kuchora utepe wa rangi chini ya fremu zilizojirudia. Mara nyingi humkuta yule dada tena kwenye ufunguzi, amepunguzwa mwendo na kuwekewa muziki.

Utepe ule lakini huangalia taimulaini moja tu. Fundi hufungua nyingine zote za harusi ile, akafika hadi kile kionjo cha sekunde 30. Akimkuta dada huyo humo pia, humgeukia mama na kumuuliza kilishatumwa WhatsApp kwa nani.