Diski ya Mkimbizi: neno juu ya « Kala » ya M.I.A.

Likizo iliyopita mafrateri wawili waliniuliza: « Padri, inafaa kusikiliza diski yenye milio ya bunduki ndani yake? » Niliwajibu kwamba sharti niisikilize kwanza mimi mwenyewe. Sasa nimekwisha kuisikiliza, wala si mara moja, na jibu langu ni hili. Wakitaka kubishana nami, karibu.

Diski yenyewe ni « Kala », ya mwaka 2007. Mwimbaji wake ni Mathangi Arulpragasam, anayejulikana kwa jina la M.I.A. Alizaliwa London mwaka 1975, wazazi wake Watamil wa Sri Lanka. Wakamrudisha kwao angali mtoto mchanga, akasoma kwa masista huko Jaffna. Baba yake alikuwa mtu wa siasa, mmoja wa waanzilishi wa chama kilichodai nchi ya Watamil. Alifika nyumbani kwa siri tu, na watoto waliambiwa kwamba ni mjomba wao. Vita vilipozidi, mama aliwakimbiza watoto, wakafika Uingereza kama wakimbizi. Diski ya kwanza, ya mwaka 2005, ilichukua jina la baba alilotumia katika siasa, Arular. Hii ya pili imechukua jina la mama. Mimi naona ni heshima iliyo haki: baba alipigania nchi, mama aliwalisha watoto.

Mwaka 2006 M.I.A. alitaka kwenda kufanya kazi Marekani, akanyimwa viza. Basi aliitengeneza diski yake njiani: India, Trinidad, Liberia, Australia. Safari hiyo unaisikia. Katika « Bird Flu » wapo wapigaji wa urumee, ngoma ya Watamil, waliorekodiwa Chennai. Zinapigwa kwa nguvu hata mashine za Ulaya zinaonekana kuzifuata mbio nyuma. Mahali pengine anawapa nafasi watoto wenyeji wa Australia, Wilcannia Mob, waimbe juu ya mto wao na samaki wao. Katika « Hussel » Afrikan Boy, kijana wa Kinijeria wa London, anasema kwa sauti yake mwenyewe. Hapo simwoni kama mtalii. « Jimmy » ndio wimbo dhaifu: ni wimbo wa sinema ya Kihindi ya mwaka 1982, umevikwa nguo mpya, basi.

Lakini swali la mafrateri lilikuwa juu ya « Paper Planes ». Muziki wake umechukuliwa katika wimbo wa The Clash wa mwaka 1982, uliosema juu ya wahamiaji na juu ya watoto walioachwa Vietnam na askari Wamarekani. Juu ya muziki huo mpole M.I.A. anasimulia habari za viza za uongo, na katika kiitikio sauti za watoto zinakatwa na risasi, kisha inalia mashine ya kuhesabia pesa dukani. Asiyesikia dhihaka atadhani anasifu unyang'anyi. Kumbe anamwiga mgeni jinsi afisa wa mpakani anavyomwogopa: mwizi, mwuaji, mwenye kufuata pesa tu. Televisheni ya MTV iliondoa milio ile, na kwa kuiondoa ilitoa mwiba wenyewe. Mwaka 2008 wimbo ulifika nafasi ya 4 huko Marekani, katika nchi ile ile iliyomnyima viza.

Hata hivyo sikubali yote. Sisi tuliolala chini ya kitanda usiku kwa sababu ya risasi hatuwezi kuicheza milio hiyo kama anavyoicheza kijana wa Brooklyn. Dhihaka hudai msikilizaji anayeijua habari. Wengi waliocheza hawakuijua.

Na kuna jambo zito zaidi. Tarehe 9 mwezi wa saba 1995 ndege za serkali zilitupa mabomu juu ya kanisa la Navaly, karibu na Jaffna, mahali walipokimbilia watu. Walikufa zaidi ya 100. Mtu wa kabila lile ana haki ya kupiga kelele, wala asiombwe kushusha sauti. Lakini mwezi wa kumi 1990 wapiganaji wa Tigers, waliosema wanawapigania Watamil, waliwafukuza Waislamu wa upande wa kaskazini, watu karibu 70,000, wakaacha nyumba na mali. Tena waliwaandika watoto kuwa askari. Katika « Kala » sikusikia neno juu ya wakimbizi hao. Anazunguka dunia nzima akiwatafuta walioonewa, na hawa waliokuwa majirani wa Jaffna anawapita. Mtu akiniambia kwamba muziki wa kucheza si hukumu ya mahakama, nitamjibu kwamba ni yeye aliyeuleta mbele ya mahakama.

Diski nimewarudishia mafrateri. Niliwaomba waisikilize pamoja, « Jimmy » wairuke wakitaka, na « Bird Flu » waipige kwa sauti kubwa, ila si saa ya kimya.