Mkono wa Kushoto wa Chopin

Wengi wanaposikiliza piano hufuata mkono wa kulia, na hawana kosa, maana mahadhi yako huko. Lakini ukitaka kujua kama mpigaji anaimudu kweli nokturni ya Chopin, kipande cha piano chenye hali ya usiku, mkono wa kulia utakudanganya. Unaweza kupendeza bila ufundi mkubwa: noti icheleweshwe kidogo hapa, pedali ikanyagwe pale, na msikilizaji ameshalainika. Mkono wa kushoto hauna pa kujificha. Mimi huanza kupima huko, na mara nyingi nusu dakika hunitosha.

Chukua ile inayojulikana kuliko zote, Opus 9 namba 2, iliyochapishwa 1832, muda mfupi baada ya kijana huyo wa Kipolandi kuhamia Paris. Karibu muda wote kushoto kuna kazi ileile: noti moja ya besi, kisha mafungu mawili ya noti zinazopigwa pamoja juu yake, besi tena, mafungu mawili tena. Sikiliza besi peke yake na uache mengine yapite. Kwa mpigaji mzuri, besi hizo hushikana mikono na kuwa wimbo wa pili unaotembea chini ya ule wa kwanza. Mafungu yanayofuata huwa mepesi kuliko besi, na la pili jepesi kuliko la kwanza. Asiye makini hupiga besi na mafungu yote mawili kwa uzito mmoja, na nokturni inageuka muziki wa dansi.

Kisha pima mwendo. Chopin aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mkono wa kushoto ndio kiongozi wa kwaya, unashika mapigo, na wa kulia una ruhusa ya kusitasita au kukimbilia mbele. Hiyo ndiyo rubato yake. Mwanafunzi wake Karol Mikuli alieleza kwamba metronomi, kile chombo cha kugonga mapigo, haikukosekana kwenye piano ya mwalimu, jambo linalowashangaza wanaodhani muziki huu ni wa kujiachia tu. Anayependa taarabu analijua hili kwa masikio: mwimbaji huliburuza neno, akachelewa, akalirudia pigo kwa wakati wake mwenyewe, na ngoma wala haimsubiri. Kwa piano mambo hayo mawili yako ndani ya mtu mmoja, na ugumu ni huo. Mpigaji wa kawaida akifika penye utamu hupunguza mwendo mikono yote miwili, kisha huikimbiza yote miwili kufidia. Akifanya hivyo mara tatu unajua atasimama wapi mara ya nne, na uhai umekwisha.

Baadhi ya mabingwa wa mwanzo wa karne ya 20 walikuwa na tabia ya kutanguliza besi kidogo kabla ya mahadhi. Nikisikia mikono imeachana kwa sababu wimbo umevutwa na hisia za mahali hapo, nafurahi. Ikiachana kila pigo kwa mazoea, nachoka.

Sasa nenda kulia, na ukumbuke piano ni chombo cha namna gani. Nyundo hugonga waya na kuuacha, na tangu hapo sauti inakufa. Mpiga fidla anaweza kuinenepesha noti baada ya kuianza. Mpiga piano hawezi. Kwa hiyo kila "wimbo" unaousikia kwenye piano umejengwa kwa kipimo: noti inayofuata huanza karibu na pale ile iliyotangulia ilipofifia, isipokuwa mtungaji anataka iruke. Chopin aliipenda sana opera ya Kitaliano, hasa ya Bellini, na aliwahimiza wanafunzi wakawasikilize waimbaji ili wajue kuvuta pumzi. Mwanzoni kabisa mwa Opus 9 namba 2 mahadhi yanaruka kwenda juu na kukaa kwenye noti ndefu. Iangalie noti inayokuja baada yake. Ikija kwa kishindo, uzi wa wimbo umekatika, hata kama kila noti ni sahihi.

Mahadhi hayo makuu huja mara nne, kila mara yakiongezewa nakshi. Chopin mwenyewe aliandika nakshi nyingine tofauti kwenye vitabu vya baadhi ya wanafunzi wake, kwa hiyo ukikuta rekodi yenye vikolombwezo usivyovizoea, usimhukumu mpigaji haraka. Uliza kama noti hizo ndogo zinasemwa au zinamwagwa. Karibu na mwisho sauti hupanda mpaka kileleni, mwendo unaachiliwa, na noti nne zilezile huzunguka tena na tena kabla ya kutulia. Mwenye papara huzipiga kama king'ora. Fundi huzianza kwa uzito, akazikimbiza, akazipunguza, na huwezi kuonyesha ni wapi hasa amebadilika.

Pedali nitaigusa tu. Piano za Pleyel alizozipenda Chopin sauti yake ilififia haraka kuliko ya piano kubwa za leo. Anayefuata alama zake za pedali neno kwa neno kwenye chombo cha sasa anaweza kuchanganya besi mbili zikawa tope. Sikio likisikia tope, ni mguu.

Kipimo kigumu zaidi ni Opus 48 namba 1, ya mwaka 1841. Inaanza kwa hatua nzito za kushoto, katikati inaingia kama wimbo wa ibada, polepole, kisha oktavu zinapasuka. Mahadhi ya mwanzo yanaporudi, mwendo ni maradufu na mikono imejaa noti. Ila Chopin ameagiza yaanze kwa sauti ya chini sana, yakiwa na wasiwasi ndani yake. Hapa wapigaji wengi wenye nguvu hujifichua: oktavu zimewapandisha damu, wanaingia kwa ngurumo, na wakati wa kilele hawana tena pa kupanda. Chopin alifanya matamasha ya hadhara yapatayo 30 tu maishani. Alipenda kupiga kwenye sebule za Paris, mbele ya watu wachache. Muziki wake una ngazi nyingi chini ya sauti ya kati, na ninayemwamini ni yule anayezitumia zote.

Kwa rekodi, Arthur Rubinstein wa miaka ya 1960 ni mahali salama pa kuanzia, kwa sababu hapambi kupita kiasi. Maria João Pires, wa miaka ya 1990, anathubutu zaidi, na kushoto kwake kunazungumza. Raoul Koczalski, aliyefundishwa na Mikuli, ana Opus 9 namba 2 yenye nakshi zile za ziada. Lakini ninayoirudia mara nyingi ni Ignaz Friedman, 1936, Opus 55 namba 2, pamoja na mikwaruzo yake yote. Hapo mkono wa kulia hubeba sauti mbili kwa pamoja. Sikiliza mara ya kwanza sauti ya juu, mara ya pili ile ya ndani, mara ya tatu besi tu. Kisha weka nokturni hiyohiyo ikipigwa na mtu wa leo, yeyote umpendaye, uhesabu ni ngapi kati ya hizo tatu bado unazisikia.