Makaburi ya Manda hayatuambii Kiswahili kilitoka wapi

Tangu jarida la Nature lichapishe, mnamo Machi 2023, uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na kwingineko, kuna dai moja linalonikera. Eti sasa imethibitika kwamba Waswahili ni Waajemi, na lugha yao pia ilivuka bahari. Anayesema hivyo ama hakuisoma makala ile ama aliishia katikati.

Makala yenyewe yasema hivi. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, wa kati ya 1250 na 1800, zaidi ya nusu ya DNA ni ya Kiafrika, nayo ilitokana hasa na wanawake. Sehemu ya Asia ni kubwa vilevile, na asilimia 80 hadi 90 yake ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Kwa hivyo wenzetu waliozoea kuzipuuza habari za Washirazi katika Tarehe ya Kilwa kuwa ni ngano tupu, wana la kujibu.

Lakini lugha je? Derek Nurse na Thomas Spear walikwisha kuonyesha mwaka 1985 kwamba Kiswahili kilikuwapo pwani kufikia karne ya 9. Yaani Mwajemi alipooa hapa, alikikuta kikizungumzwa. Alituachia bandari, nahodha na pamba, maneno ya bahari na biashara. Ngeli na viambishi vya kitenzi havikumngoja yeye. Ni vya Kibantu, sawa na vya Kipokomo na Kimijikenda. Tena DNA yenyewe yaeleza sababu: mama alikuwa mwenyeji, na mtoto hunena anachosikia kwa mamake.

Nina dukuduku pia kuhusu makaburi. Aliyezikwa karibu na msikiti, katika kaburi la mawe, hakuwa mtu wa kawaida. Mvuvi na mkulima wa nyumba ya udongo na makuti, ambao ndio waliokuwa wengi, wamo wapi katika hesabu hii? Bila wao, tumepima koo za wenye mali, kisha tukaziita Waswahili wote.

Msidhani haya ni mabishano ya maprofesa tu, jamani. Huko pwani, mtu akishaitwa mgeni, swali linalofuata huwa ni la shamba lake.