Hukumu ya Msomaji na Siri ya Kijiji: Mapokezi ya Riwaya ya The Murder of Roger Ackroyd

Riwaya ya The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, iliyochapishwa mwaka 1926, imewagawa wasomaji tangu ilipotoka. Mandhari yake ni King's Abbot, kijiji cha kubuni cha Uingereza ambamo kila mtu anajua habari za mwenzake. Tajiri Roger Ackroyd anachomwa kisu chumbani mwake, na Hercule Poirot, mpelelezi mstaafu aliyehamia kijijini hapo kulima mamumunye, anaombwa kuchunguza. Msimulizi ni Dkt. James Sheppard, tabibu wa kijiji. Mwishoni inabainika kwamba msimulizi huyo ndiye muuaji. Wasomaji wamebishana iwapo wamelaghaiwa au wamezembea. Sehemu hii inajadili maoni hayo na kubainisha kwamba mjadala wa kanuni za utanzu umefunika suala zito zaidi, yaani vigezo anavyovitumia msomaji kuamua nani wa kuaminiwa.

Kundi la kwanza la maoni linaegemea kanuni. Mwaka 1928, S. S. Van Dine aliorodhesha kanuni 20 za riwaya ya upelelezi, mojawapo ikimkataza mwandishi kumfanyia msomaji hila zaidi ya zile ambazo mhalifu anamfanyia mpelelezi. Mwaka uliofuata, Ronald Knox alitoa kanuni 10, na ya kwanza ilisema kwamba mhalifu asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kufuatilia mawazo yake. Hata hivyo, alikiri kwamba kazi za Christie zinaifanya kanuni hiyo iwe ngumu kutamkwa kwa usahihi. Kinyume na walalamikaji, Dorothy L. Sayers alishikilia kwamba ushahidi wote unaohitajika umo ndani ya riwaya, na kwamba kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Kwa istilahi ya Hans Robert Jauss, riwaya hii iligongana na upeo wa matarajio wa wasomaji wake. Walizoea kwamba rafiki wa mpelelezi ni shahidi mwaminifu, kama alivyo Watson kwa Sherlock Holmes.

Matini yenyewe inampa Sayers nguvu. Sheppard anaandika kwamba barua ililetwa kwa Ackroyd saa tatu kasoro dakika 20 usiku, na kwamba yeye aliondoka chumbani saa tatu kasoro dakika 10. Kilichotendeka katika dakika 10 hizo hakisimuliwi. Wolfgang Iser ameeleza kwamba matini ina mapengo ambayo msomaji huyajaza. Hapa pengo limewekwa wazi, likiwa na saa zake, na msomaji analijaza kwa heshima aliyonayo kwa daktari. Sheppard hasemi uongo kuhusu dakika hizo, ananyamaza tu. Anayekamilisha udanganyifu ni msomaji.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja hii ni Caroline, dada yake Sheppard. Msimulizi anamchora kama mbeya asiyetoka nyumbani lakini anayepata habari zote kupitia watumishi na wachuuzi. Mapema katika riwaya, Caroline anadai kwamba mjane Bi. Ferrars alimuua mumewe kwa sumu. Daktari anaipuuza kauli hiyo kwa kuwa haina ushahidi. Baadaye Bi. Ferrars anathibitika kuwa alimpa mumewe sumu, na kwamba Sheppard, aliyeijua siri hiyo, alikuwa akimtoza fedha ili anyamaze. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hivyo, riwaya inawapambanisha wasimulizi wawili: mwanamke anayeropoka huku akiukaribia ukweli, na mwanamume msomi anayepima kila neno huku akiuficha. Msomaji anayelalamika kwamba ameonewa alikuwa amekwisha kuchagua upande: alidharau umbeya na kuheshimu taaluma. Ni kweli kwamba Caroline naye hukosea, na hamshuku kamwe kaka yake. Hata hivyo, upofu huo unathibitisha hoja ileile, kwani kikulacho ki nguoni mwako.

Kundi la pili la maoni linahoji thamani ya utanzu wenyewe. Mwaka 1945, Edmund Wilson aliandika katika jarida la The New Yorker makala ambayo kichwa chake kiliuliza ni nani anayejali aliyemuua Roger Ackroyd, akaulinganisha usomaji wa riwaya hizi na uraibu. Dharau hiyo si ngeni katika uhakiki wa Kiswahili, ambako riwaya za upelelezi mara nyingi huwekwa katika kapu la fasihi pendwa na kutengwa na fasihi ya dhati. W. H. Auden, katika makala yake ya mwaka 1948, alijiita mraibu, lakini akatoa nadharia kwamba jamii iliyokuwa safi huchafuliwa na mauaji, kisha husafishwa kwa kumwondoa mwenye hatia. Aliongeza kwamba hadithi ya aina hii akishaimaliza huisahau, wala hatamani kuirudia.

Riwaya hii inapingana na Auden katika mambo mawili. Kwanza, inadai kusomwa upya, kwa sababu maana ya ukimya wa Sheppard huonekana tu kwa anayerudi nyuma. Pili, King's Abbot haisafishwi kwa ukweli kutangazwa. Kwa ajili ya Caroline, Poirot anamwachia daktari nafasi ya kujiua, mradi kijana Ralph Paton asafishwe jina. Utulivu wa kijiji unarudishwa kwa siri nyingine.

Pierre Bayard, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alimshuku hata Poirot, akapendekeza kwamba muuaji ni Caroline. Pendekezo hilo linafuata agizo la Sayers hadi mwisho wake, lakini linamrudisha mwanamke msemaji kwenye kizimba na kumpunguzia mzigo mwanamume aliyekiri kwa kalamu yake. Mwaka 2013, Chama cha Waandishi wa Riwaya za Uhalifu cha Uingereza kiliichagua riwaya hii kuwa bora kuliko zote za utanzu wake. Uamuzi huo haukufunga mjadala. Kila hukumu inayotolewa juu ya Sheppard inaendelea kufichua kwanza ni nani ambaye msomaji alikuwa tayari kumwamini bila kumhoji.