Dawa na Deni Jukwaani

Kigombe, ufukoni baina ya Tanga na Pangani, neno dawa ni pana. Ipo dawa ya homa, ya meno, ya mbu. Na wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Upana huo ndio ufunguo wa tanzia mbili zilizochapishwa kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1960.

Katika Makbeth ya Shakespeare, aliyoifasiri S. S. Mushi mwaka 1968, mfalme anamtaka tabibu aiponye nafsi ya mkewe. Tabibu anajibu kwamba mgonjwa wa namna ile hujitibu mwenyewe. Mfalme anaghadhibika, kisha anauliza ni haluli gani itakayowatoa Waingereza nchini. Miongoni mwa dawa azitajazo imo sanamaki, isiyo ngeni mwambao huu. Lakini sanamaki husafisha tumbo. Damu iliyomwagwa ni deni.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alikwenda mbali zaidi katika Kinjeketile (1969), tamthilia ya Vita vya Majimaji vya 1905–1907. Wako wayaonao maji yale kuwa uongo mtupu. Hukumu hiyo ni nyepesi. Maji hayakuzuia risasi, ila yaliponya utengano wa makabila. Ndiyo maana Kinjeketile, kifo kikimkabili, anakataa kuyakana. Makbeth aliikosa dawa. Kinjeketile aliipata, nayo ikawaunganisha watu, kisha ikawaua walioiamini. Tanzia hii ya pili ndiyo chungu zaidi.